Lori Likizima Ndani ya Maji, Usiguse Stata: Jinsi Tunavyopima Injini Iliyomeza Maji

Kila masika, bonde la Msimbazi linapojaa na maji kukata Barabara ya Morogoro pale Jangwani, Dar es Salaam, yupo dereva anayeona lori la mbele limepita, naye anaingia. Katikati injini inakohoa mara mbili, inazima. Kabla hajafikiri, mkono umeshageuza ufunguo tena. Injini nyingi hufia hapo. Maji peke yake mara nyingi huacha injini inayotengenezeka. Stata ya pili na ya tatu ndizo zinazopinda vyuma.

Chukua injini ya 4D33 iliyomo kwenye Canter nyingi za zamani. Kipenyo cha silinda ni milimita 108, mwendo wa pistoni milimita 115. Kwa hiyo silinda moja huvuta hewa kama mililita 1,050. Pistoni ikifika juu kabisa, hewa yote hiyo inakuwa imebanwa kwenye nafasi ya mililita 60 na kidogo. Hewa inakubali kubanwa, maji hayakubali. Vijiko vinne au vitano vya mezani vya maji vikiwa juu ya pistoni, nafasi imejaa. Pistoni inayagonga kama imegonga jiwe, na kwa kuwa hedi, mfuniko wa juu wa silinda, imefungwa kwa bolti na krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, bado inasukuma, kinachokubali kushindwa ni konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki.

Injini iliyovuta maji ikiwa kwenye mwendo mkubwa inaweza kukata konrodi papo hapo na kutoboa bloku, mwili wenyewe wa injini. Iliyovuta ikiwa kwenye sailensa, yaani inawaka taratibu bila kukanyagwa mafuta, mara nyingi inakwama tu bila kuvunja kitu, na hiyo ndiyo nafasi ya kuiokoa. Tafadhali usiichezee nafasi hiyo. Na usikubali lori livutwe kwa kamba huku gia imeingizwa ili "liwake kwa kusukumwa". Hiyo ni mbaya kuliko stata, maana stata ikikutana na maji inaweza kushindwa ikasimama, lakini lori linalokuvuta halishindwi.

Papo hapo barabarani, mambo ni machache. Zima swichi, toa ufunguo, na mara unapoweza kuifikia betri toa waya wa hasi. Piga picha mstari wa maji ulipofika kwenye mlango, kwenye kiti na kwenye boksi la chujio la hewa. Kama una bima kubwa, picha hizo utazihitaji kabla ya fundi yeyote kugusa kitu. Lori livutwe gia ikiwa huru. Kama safari ya kuvutwa ni ndefu, toa propela shafti, ile inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, kwa sababu gia boksi ya lori nyingi haijipaki oili vizuri injini ikiwa imezima. Halafu lifike gereji siku hiyo hiyo. Ndani ya silinda yenye maji kutu haisubiri wiki. Saa 24 zinatosha ringi za pistoni kuanza kushika kwenye laina, ukuta wa ndani wa silinda. Maji ya karibu na bahari, hasa bamvua inaporudisha chumvi mtoni, yanakula haraka zaidi. Kama lori halina budi kulala njiani, mwite fundi atoe nozo, zile zinazorusha dizeli ndani ya silinda, amimine oili safi vijiko viwili kila silinda, na azungushe injini kwa mkono.

Tunaanza kwa macho

Kwanza tunafungua boksi la chujio la hewa. Chujio likiwa kavu, na bomba linalotoka hapo kwenda kwenye injini likiwa kavu kwa ndani, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba injini haikunywa maji kwa njia ya hewa, na ilizima kwa sababu ya umeme au dizeli. Karatasi ikiwa imelowa, imevimba au imepasuka, tunaichukulia injini kuwa ina maji hadi vipimo vikatae.

Hapa kuna kitu ambacho wamiliki wengi hawakijui. Lori la kebini ya kunyanyua huwa na mdomo wa kuvuta hewa juu, nyuma ya kebini, kwa hiyo dereva anajiona salama maji yakifika bampa. Lakini kwenye malori mengi kati ya bomba la kebini na boksi lililoko kwenye chasisi kuna mpira wa kuunganisha, na chini ya boksi kuna kipira kidogo cha kudondosha vumbi na matone. Mpira ule ukichanika, au kipira kile kikikatika kikatupwa, injini inavuta hewa kutoka chini, usawa wa fremu. Lori lenye mdomo wa hewa juu ya kebini linameza maji yaliyofika nusu ya tairi. Malori ya mchanga yanayoingia mtoni kupakia yanapaswa kukaguliwa mipira hii miwili kila mara chujio linapofunguliwa. Ni vitu vya bei ndogo kabisa kwenye mfumo mzima.

Kisha tunavuta stiki ya oili. Kimo kikiwa kimepanda juu ya alama, au rangi imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Lakini oili inayoonekana nyeusi na safi kwenye stiki haitoshi kututuliza. Maji ni mazito kuliko oili, na injini ikiwa haijazunguka tangu ilipozima, hukaa chini kabisa ya sampu, beseni la oili lililo chini ya injini, mahali ambapo ncha ya stiki haifiki. Kwa hiyo tunaacha lori litulie tambarare saa moja au mbili, tunaweka beseni safi, tunalegeza bolti ya sampu polepole bila kuitoa. Yakitangulia kutoka maji kabla ya oili, jibu limepatikana. Ikitoka oili tupu, tunadondosha matone machache kwenye bati lililopashwa moto. Oili kavu inatanda na kutoa moshi kimya kimya, ila yenye maji inachacharika kama kitunguu kibichi kikitiwa kwenye mafuta ya moto. Kipimo hiki kinakamata hata maji ya kiasi cha sehemu moja katika elfu.

Nozo zote nje, kisha spana

Tunatoa nozo zote, si moja, ili kila silinda iwe na tundu wazi. Tunafunga dizeli isije ikarushwa. Halafu spana kubwa kwenye bolti ya puli ya krenki, na injini inazungushwa kwa mkono kuelekea upande wake wa kawaida, mizunguko miwili kamili, maana pistoni zote nne zinamaliza kazi zao kwenye mizunguko miwili. Maji yakiwemo yanatoka kwenye matundu yenyewe. Mkono unahisi mengi hapa. Injini nzima isiyo na nozo inazunguka kwa uzito ulio sawa. Ikikwama mahali pamoja kila mzunguko, au ukasikia chuma kikigusa chuma chini karibu na sampu, tunasimama. Hatuongezi bomba kwenye spana kupata nguvu. Kugusa huko mara nyingi ni sketi ya pistoni inayogusa vyuma vya uzani vilivyo kwenye krenki, kwa kuwa konrodi imepinda na pistoni inashuka chini kuliko inavyopaswa.

Ikizunguka vizuri, ndipo stata inaruhusiwa, matundu yakiwa wazi, kwa vipande vya sekunde tano. Watu wote wanakaa mbali na upande wa matundu, kwani maji yanaruka kwa kasi ya kuumiza jicho. Baada ya hapo oili kidogo kwenye kila silinda, kisha oili mpya na filta mpya.

Kipimo kinachoamua

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo gereji nyingi huiruka, na ndiyo inayotufanya tuandike makala haya. Maji yametoka, oili imebadilishwa, nozo zimerudi, lori linawaka. Mwenye lori anafurahi na analitaka barabarani jioni. Lakini injini yenye konrodi iliyopinda kidogo inawaka. Inavuta mzigo. Inaweza kufanya kazi wiki kadhaa, labda ikitoa moshi kidogo asubuhi na mlio mdogo wa kugonga ambao dereva anauzoea. Kisha siku moja mlimani, ikiwa na tani zake, konrodi inakatika na kutokea ubavuni mwa bloku. Kazi ambayo ingekuwa konrodi moja na beringi zake imekuwa injini nzima.

Kwa hiyo tunapima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo wa hewa, ya silinda zote, betri ikiwa imejaa na nozo zote zikiwa nje. Injini za dizeli za ukubwa huu zikiwa nzima husoma karibu na bari 26, yaani kama psi 370 hadi 380. Namba yenyewe tunailinganisha na kitabu cha injini husika, lakini kinachotushughulisha zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Tuseme ya kwanza imesoma 370, ya pili 365, ya tatu 310, ya nne 370. Silinda ya tatu ina tatizo, na bado hatujui ni lipi. Inaweza kuwa ringi, vali, gasketi ya hedi au konrodi.

Hesabu ifuatayo inaonyesha kwa nini hatupuuzi. Konrodi ikifupika kwa milimita 1 tu kwa kupinda, kwenye 4D33 nafasi iliyo juu ya pistoni inaongezeka kwa mililita 9. Mgandamizo uliokuwa 18 kwa 1 unashuka hadi karibu 15.8 kwa 1, na geji inapungua takriban bari 4, sawa na psi 60. Milimita moja, ambayo jicho halioni na sikio halisikii.

Ili kutofautisha, tunapandisha pistoni ya silinda ile hadi juu kabisa vali zote zikiwa zimefungwa, tunazuia krenki isizunguke, na tunaingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la nozo. Hewa ikisikika kwenye bomba la kuvutia, ni vali ya kuingiza. Ikisikika kwenye ekzosi, ni vali ya kutoa moshi. Mdomo wa kujazia oili ukipuliza, ni ringi. Rejeta ikitoa mapovu, ni gasketi au hedi. Na kama hewa haivuji kwa kiasi cha maana popote, lakini geji ya kompresheni ilisoma chini, basi silinda imeziba vizuri ila pistoni haifiki juu inakopaswa. Hiyo ndiyo konrodi iliyopinda.

Hapo hedi inatoka. Tunaweka geji ya saa, kipimo chenye mshale cha kupimia sehemu ndogo za milimita, juu ya bloku na kupima kila pistoni inachomoza kiasi gani ikiwa juu kabisa. Tofauti ikizidi milimita 0.2 kati ya moja na nyingine, hatufungi tena bila kutoa konrodi hiyo. Laina nayo inasema. Juu kabisa ya laina huwa kuna ukanda mwembamba wa masizi, mahali ambapo ringi ya juu haifiki. Kwenye silinda yenye konrodi fupi, chini ya ukanda huo utaona sehemu nyingine iliyokuwa iking'aa zamani na sasa imeanza kufifia, kwa sababu ringi haipandi tena hadi hapo. Tunamwita mwenye lori aje aone mwenyewe, aweke kidole.

Konrodi iliyopinda hatuinyooshi kwenye presi, hata mteja akituomba. Chuma kilichopinda kikanyooshwa kimeshachoka mahali pale pale, na kinarudi kukatikia hapo. Inawekwa nyingine yenye uzito unaolingana na wenzake, pamoja na bolti mpya na beringi mpya. Krenki inapimwa kama imenyooka, na laina inakaguliwa kama ina ufa.

Oili ya injini iliyopatwa na maji haisafishiki kwa mara moja. Tunajaza, tunawasha sailensa dakika kumi, tunamwaga, tunabadilisha filta, tunarudia hadi tone kwenye bati la moto linyamaze. Kwa kawaida ni mara mbili au tatu. Hatuwashi injini ikiwa na dizeli kwenye sampu kwa ajili ya kuosha. Beringi za krenki hazina ulinzi wowote kwenye dizeli.

Nje ya injini, usisahau tangi. Maji kwenye dizeli huharibu pampu na nozo kwa sababu vyuma vyake vinalainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo chini ya tangi na kichujio cha maji vinamwagwa kabla ya kupampu kwa mkono. Difu na gia boksi zilizoingia kwenye maji zikiwa na moto hupoa ghafla na kuvuta maji kupitia tundu la kupumulia na kwenye sili. Oili zake zinakaguliwa hata kama injini imesalimika. Beringi za habu zipakwe grisi upya. Feni itazamwe mapanga yake, kwani ikizunguka ndani ya maji hujikunja mbele na kukwaruza rejeta.

Ukitupigia simu lori likiwa bado kwenye maji, tuambie mambo haya: ni injini gani, maji yalifika wapi, ilizima yenyewe au uliizima, ilikuwa kwenye mwendo gani, maji ni ya mto au yana chumvi, na stata imepigwa mara ngapi tangu izime. Hilo la mwisho watu hulificha kwa kuogopa lawama. Hatulaumu. Lori ambalo halikupigwa stata hata mara moja na likazunguka vizuri kwa spana, tunalipima kompresheni bila kufungua injini, na mara nyingi hedi haitoki kabisa. Lililopigwa mara tano tunaanza kwa kutafuta konrodi, na mwenye lori anajua hivyo kabla hatujashika spana.