Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Mto Kinyasungwe na Reli ya Kati

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Walimu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Shikamooni wakubwa zetu. Sisi wanachama wa Klabu ya Historia tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kukubali kuja hapa Gulwe, wilayani Mpwapwa, na jua hili la Oktoba. Tumetakiwa tueleze kazi za klabu kwa mwaka huu. Kazi ilikuwa moja: kuufuata Mto Kinyasungwe na kuuliza wazee nini kimepita kando yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukiutazama leo utaona mchanga mtupu. Akina mama wamechimba visima humo humo mtoni, wakavizungushia miiba ng'ombe wasiingie. Anayechota hukaa kitako akingoja maji yajikusanye, anateka kata moja, anangoja tena, hadi ndoo ijae. Lakini ni mto huu huu ambao ukishuka Kilosa huitwa Mkondoa, mbele zaidi ukawa Wami, ukaingia baharini karibu na Saadani.

Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipandia bonde hili. Mpwapwa walipumzika na kununua chakula, kwa sababu mbele yao kulikuwa na Marenga Mkali, nyika yenye sifa mbaya kwa kiu, na wakishaivuka wanaingia Ugogo, ambako watemi walidai hongo ya vitambaa kabla ya kuruhusu visima vyao viguswe. Mwandishi wa habari Stanley alipita Mpwapwa mwaka 1871 akimtafuta mmisionari Livingstone. Mwenzake Farquhar, aliyekuwa mgonjwa, alimwacha pale, na pale ndipo alipofia. Farquhar yumo vitabuni. Wapagazi waliokufa njia hiyo hiyo, wengi wao Wanyamwezi, hatukupata jina hata moja la kusoma mbele yako leo, na jambo hilo lilituuma.

Wajerumani walipoanza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, nao walifuata nyayo za wapagazi. Kutoka Kilosa kupanda huku, bonde la mto ndilo lililokuwa upenyo mwepesi. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, wao wenyewe walivunja madaraja yake wakirudi nyuma. Hayo yalitengenezwa yakaisha. Ugomvi na mto haujaisha mpaka leo.

Mzee mmoja wa hapa, aliyefanya kazi kwenye gengi la reli, yaani kikosi cha kutunza njia, hadi kustaafu, alitueleza mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Walifika asubuhi wakakuta tuta limeliwa lote, reli zinaning'inia hewani na mataruma yake, chini maji mekundu yanapita na miti mizima mizima. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ikasimama. Waliokuwa wakienda Kigoma wakalazimika kupanda basi kwanza hadi Dodoma. Tukamuuliza kama alishtuka. Alicheka, akasema alishayaona hayo kwenye mvua za El Nino za 1997 na 1998.

Tulidhani tatizo ni maji. Mzee akatusahihisha: tatizo ni mchanga. Mvua zetu ni za miezi michache, tena hunyesha kwa hasira, na vilima vikiwa vitupu udongo wote unashuka mtoni. Kina cha mto kinapungua, mto unaacha njia yake na kuhamia kwenye tuta la reli. Jambo hili halikujulikana jana. Mpwapwa kulikuwa na majaribio ya kupima udongo unaochukuliwa na mvua tangu miaka ya 1930. Bwawa la Ikowa, mkoani kwetu Dodoma, lililojengwa mwaka 1957, lilikuwa likijaa tope kwa kasi hata watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala, Sweden, wakaja kulipima mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa maoni yetu, na walimu wetu watusamehe, mada hii ingefaa kufundishwa hapa kabla ya Mapinduzi ya Viwanda ya Uingereza.

Reli mpya ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imetoboa mahandaki katika milima ya Kilosa na kuinuliwa juu ya madaraja marefu. Hata hivyo inapita bonde hili hili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee waliofanya kazi kwenye magengi wanazidi kupungua. Tunaomba utusaidie kinasa sauti na kompyuta moja ili tuhifadhi maelezo yao. Tunaomba pia utuombee kibali kwa wahusika wa reli tuchore kwa rangi, kwenye nguzo ya daraja, alama ya mahali maji yalipofika kila mafuriko pamoja na mwaka wake; wazee wako tayari kutuonyesha. Rangi tutachangishana wenyewe. Na ukipata nafasi baada ya chakula, mto uko hapo nyuma ya shule, tutakupeleka.

Naomba kuwasilisha.