Kwa vijana mnaoingia ubalozini: wekeni simu chini, shikeni kalamu

Wanangu,

Majuzi nilialikwa kwenye kikao cha ujirani mwema pale Mutukula, mpakani mwa Uganda yetu na Tanzania. Maofisa wetu vijana walipigana picha tangu chai ya asubuhi mpaka wageni walipoaga. Jioni nikamuuliza mmoja: Watanzania wameahidi nini kuhusu malori yanayokwama? Akafungua simu, akanionyesha picha. Muhtasari? Hakuna aliyeandika. Nimekasirika, na sitaki hasira hiyo ipoe kabla sijawaandikia.

Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 na Idi Amin akang'olewa, nilikuwa ofisa mdogo katika ubalozi wetu mmoja ng'ambo. Yusuf Lule aliapishwa kuwa rais siku mbili baadaye, akadumu siku 68. Akaja Godfrey Binaisa, naye Mei 1980 akaondolewa na Tume ya Kijeshi. Balozi hukabidhi hati za utambulisho zenye saini ya rais wake. Sasa fikirieni kusubiri siku ya kuzikabidhi, na aliyezisaini keshang'olewa! Mishahara haikuja. Mwenye nyumba alibisha hodi mpaka tukaizoea sauti ya fimbo yake. Kilichotuokoa ni jalada. Mkubwa wangu wa kazi aliandika kila mazungumzo usiku uleule: nani kasema nini, nani kaahidi nini, deni lipi limelipwa. Marais walipokezana Kampala, lakini wenyeji wetu walipodai kwamba hatukuwahi kupatana, alifungua ukurasa akawasomea tarehe. Wakanyamaza.

Msiseme hayo ni ya kale. Kongo ilipotushtaki kwa kuivamia, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, hukumu ya Desemba 2005 ilitubana vibaya, na sehemu ya ushahidi ilitoka kwetu wenyewe, kwenye ripoti ya tume ya Jaji Porter, iliyoundwa na serikali yetu kuchunguza uporaji wa mali za Kongo. Mwaka 2022 tukaamriwa kulipa dola milioni 325. Hata hivyo, katika hukumu ileile ya 2005 kuna dai letu moja lililokubaliwa: kwamba ubalozi wetu Kinshasa ulishambuliwa na wanadiplomasia wetu wakatendewa vibaya, kinyume cha Mkataba wa Vienna wa 1961 unaowalinda wanadiplomasia. Miongoni mwa vielelezo zilikuwemo barua za malalamiko zilizoandikwa wakati mambo yenyewe yakitokea. Kuna mtu alikaa katika hofu ile, akaandika, akatia tarehe. Ninyi mnashindwa kuandika mkiwa mmeshiba pilau?

Lakini lawama si yenu peke yenu. Sisi wazee tumewalea katika nchi ambamo wakubwa hupenda mambo yaishie mdomoni, yasije yakawarudia. Tukawafundisha pia kukiogopa Kiswahili, eti ni lugha ya kambi za jeshi na vizuizi vya barabarani, halafu tunawatuma Dodoma mkakae kama wageni msibani. Nawaoneeni huruma, kweli.

Mengine ni mafupi. Usilewe kwenye karamu ya mwenyeji. Usikope kwa mtu anayetaka viza. Usikubali jambo kabla hujauliza Kampala. Mwenzio wa ndoa aujue mshahara wako halisi. Dereva wa ubalozi msalimie wa kwanza. Mji anaujua kuliko wewe.

Madaftari yangu ya zamani, yale yasiyo na siri za serikali, yapo nyumbani Entebbe. Anayetaka kuona muhtasari unavyoandikwa aje, ila si Jumapili asubuhi. Na simu ataiacha kwa mama pale sebuleni.