Kisu changu, kisu yangu: barua kwa binti yangu aliyeko Dar

Mwanangu,

Hujambo? Sisi huku Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, tu wazima. Ni usiku, unga wa chapati za kesho nimeshaukanda, na madereva wa malori bado wanapigiana honi kwenye foleni.

Ulisema kwenye simu kwamba wenzako wa chuo wanakucheka ukisema "kitu yangu". Nilikuambia uwapuuze, kisha usingizi ukanikataa. Basi nakuandikia mwaka wetu ulivyokwenda, maana karibu kila jambo lilizunguka hicho hicho Kiswahili unachokionea haya.

Ugomvi ulianza Februari, mpwa wako alipoingia kidato cha pili na kurudi na daftari la ngeli. Nyanya yako alikuwa anamenya muhogo uani. "Nani amechukua kisu yangu?" Mtoto akasema, "Nyanya, ni kisu changu." Nyanya akanyoosha mkono, akapewa kisu, akakata muhogo vipande viwili mbele yake. "Kisu changu, kisu yangu, muhogo imekatika ama haijakatika?" Tangu siku hiyo hakuna mlo usio na ngeli. Kaka yako sasa anakula kibandani kwangu pamoja na madereva, eti apate amani.

Lakini wewe hukuyaona ya zamani. Babu yako alikijua Kiswahili relini, alikotengeneza njia pamoja na Wakenya na Watanzania, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 reli ikagawanywa, lugha ikabaki nyumbani kwake. Nje ya nyumba ilikuwa shughuli nyingine. Nilipokuwa msichana, ukiongea Kiswahili ndani ya taksi Kampala, abiria walinyamaza. Rais Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na wengi walikisikia kwanza kinywani mwa askari, kwenye kizuizi cha barabarani. Ndiyo maana shangazi zako hadi leo ukiwasalimu kwa Kiswahili wanakujibu kwa Luganda. Mpwa wako aliposoma kwamba Julai 2022 serikali iliamua kifundishwe kwa lazima shuleni, nyanya alicheka hadi akakohoa. "Sasa ndio wamejua?"

Pasaka ilipita salama. Parokiani kwetu Kiswahili hupata nyimbo mbili tu, na nyanya huzisubiri hizo mbili kama mtu anayesubiri basi.

Sasa hija ya Namugongo, pale walipouawa mashahidi wa Uganda. Mwaka huu alikataa kabisa kuachwa. Alitaka kutembea kutoka hapa, zaidi ya kilomita 200, na magoti yale! Tukapatana: basi hadi Mukono, kisha miguu. Basi lenyewe likapasuka tairi katikati ya msitu wa Mabira, tukakaa saa mbili tukiangaliana na nyani. Tulipofika Namawojjolo wachuuzi wakatujazia madirisha kwa kuku wa kijitini na gonja, zile ndizi za kuchoma, nyanya akala gonja tatu na kusema hajaonja.

Toka Mukono tulikwenda polepole, Seeta, Bweyogerere, mimi nimemshika mkono, mpwa wako amebeba mkeka. Karibu na Kyaliwajjala nilimwona amechoka, midomo imekauka, nikaanza kutafuta boda kwa macho. Hapo ndipo kundi la Wakenya lilipotufikia kwa nyuma, viatu vimejaa vumbi, wanasali rozari. "Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe." Nyanya yako aliutoa mkono wake mkononi mwangu. Hakuniangalia. Akaingia katikati yao akiitikia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kanisani kwetu, na mimi na mpwa wako tukabaki tunamkimbilia mzee wa miaka sabini na kitu.

Usiku tulilala juu ya mkeka pale pale uwanjani, maelfu ya watu, kikohozi huku na wimbo kule. Akatuhadithia kwamba Agosti 1969, Papa Paulo wa Sita alipokuja, yeye na babu yako walipanda treni toka Tororo. Alichoona ni kofia nyeupe tu, mbali. "Lakini niliona." Mpwa wako alimsikiliza mpaka mwisho na hakumsahihisha hata neno moja, ingawa nilihesabu makosa manne.

Tarehe 3 Juni jua lilikuwa kali. Misa ni ndefu, unajua. Tulirudi na maji ya ziwa la mashahidi katika kidumu cha lita 5, na kidumu kile sasa kiko chini ya kitanda chake. Hakiguswi.

Mengine ni ya kawaida. Mbuzi mweusi alizaa mapacha. Karo ya muhula wa tatu ilitusumbua, tukailipa kwa vipande viwili. Vijana wa stendi bado wanadai kikomando changu, chapati ya kukatwakatwa na maharage, hakina mpinzani, nami nawaamini.

Nyanya anauliza kama Krismasi utakuja. Kitabu chake cha sala kimeliwa na mchwa kuanzia litania hadi jalada. Mtafutie kingine huko Dar, cha Kiswahili, chenye herufi kubwa, na usimnunulie kile chenye maandishi ya dhahabu, atakificha asikisome. Ukishuka mpakani usihangaike na boda. Muulize dereva yeyote mama wa chapati yuko wapi. Uliza hivyo hivyo unavyoongea.

Mama yako