Barua kwa mwanangu aliye Chicago

Tabora, 7 Novemba 2008

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako tumeupata. Huku habari zilitufikia Jumatano saa moja asubuhi, chai ikiwa bado jikoni. Babu yako alikuwa ameibana redio sikioni maana betri zimechoka, zilezile anazozianika juani. Aliposikia Obama ameshinda urais wa Marekani alivua kofia, akaiweka mapajani, akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa bibi.

Lakini wewe, baba, unasema ulikuwa uwanja wa Grant Park hadi hotuba ya Obama ikaisha, kisha ukarudi kwa miguu usiku wa manane. Kwa nini? Umati ulikuwa na furaha, sawa. Je, waliochukizwa na matokeo walikuwa wamelala? Martin Luther King, mpigania haki za weusi huko Marekani, aliuawa Memphis mwaka 1968, na sheria ya kuwalinda weusi wapige kura ilishapita tangu 1965. Sheria ilikuwepo na risasi ikapigwa. Nakuomba urudi nyumbani mapema.

Babu anasema nakutisha bure. Anakumbuka mkutano wa TANU wa 1958 hapahapa Tabora, wajumbe wakivutana: waingie kwenye uchaguzi ambao kila mpiga kura lazima achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia, au wasusie? Nyerere akawashawishi waingie, na wakashinda. Kwa babu, hili la Obama ni mwendelezo wa lile. Namwelewa, na nimefurahi pia. Mtaa mzima nimeutangazia kwamba mwanangu alikuwepo palepale. Ila wewe ndiye unayetembea usiku huko, si babu. Urudi mapema. Niliyoyasema siku ya safari yako tuyaache, umesoma vizuri na najivunia.

Wenzetu Kenya jana walipewa mapumziko. Sisi tulikwenda shamba. Mvua imenyesha mara moja tu, na bati la jikoni tayari linavuja. Maembe yameanza kuiva, mdogo wako anayauza stendi badala ya kusoma, nimemfokea, ingawa hela hizo ndizo zitaongezea ada ya Januari. Ukiwa na chochote tuma, kama huna usijikaze. Asali ya Sikonge nimekuwekea lita moja, akipatikana mtu wa kuja huko nitampa.

Huyo unayekaa naye chumba kimoja hujaniambia ni mtu wa namna gani. Mpe namba yangu. Na unipigie Jumapili jioni, babu atakuwepo, anataka umsimulie uwanja ulivyokuwa.

Mama yako