Siasa linganishi ifundishwe kwa mifano ya jirani zetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wanaofundisha siasa linganishi, yaani somo la kulinganisha mifumo ya siasa ya nchi mbalimbali, vyuoni. Mara nyingi somo hili huanza na kuishia kwenye tofauti ya Bunge la Uingereza na urais wa Marekani. Mwanafunzi huzikariri, akafaulu mtihani, lakini ukimuuliza ni vipi hukumu za aina moja zilizaa matokeo tofauti katika nchi mbili za Afrika, hana la kusema.

Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha uchaguzi wa rais, majaji wanne wakiafiki na wawili wakipinga. Tarehe 3 Februari 2020, majaji watano wa Malawi walifanya vivyo hivyo kwa kauli moja, baada ya kuoneshwa fomu za matokeo zilizofutwa kwa Tipp-Ex, ule wino mweupe wa kufutia maandishi, na kuandikwa tarakimu upya. (Austria nayo ilirudia duru ya pili ya uchaguzi wa rais mwaka 2016 kwa amri ya mahakama, hivyo jambo hili si la Afrika peke yake.) Hata hivyo, marudio ya Kenya yalisusiwa na Raila Odinga, na Uhuru Kenyatta akapata asilimia 98 ya kura huku wapiga kura wengi wakibaki majumbani, ilhali Malawi wapinzani waliungana na kumwangusha Peter Mutharika aliyekuwa madarakani.

Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya jibu imo katika masharti ya marudio. Mahakama ya Malawi ilitamka kwamba mshindi lazima avuke nusu ya kura, jambo lililowasukuma Lazarus Chakwera na Saulos Chilima, waliogombea kila mmoja kivyake mwaka 2019, kusimama pamoja. Ilitoa siku 150 za maandalizi, wakati Katiba ya Kenya inatoa 60 tu. Na mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya Malawi alijiuzulu kabla ya marudio, ilhali wa Kenya alibaki.

Kwetu Tanzania suala hili ni zito, kwa kuwa Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa rais akishatangazwa na Tume, na mwaka 2020 Mahakama ya Afrika, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Nawaomba wakuu wa idara waziweke hukumu hizi katika orodha ya usomaji wa mwaka wa kwanza, na mwanafunzi azisome mwenyewe kabla ya kusikia maoni ya mhadhiri.

Mwalimu wa Uraia,
Morogoro