Semina ijayo ipelekeni mwaloni Kibirizi

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia, lakini ile habari ya semina ya mabinti hapa Kigoma Ujiji sikuweza kuinyamazia. Mliandika kwamba mabinti wameaswa wajitunze, wavae kwa heshima, wasipande bodaboda usiku, wasirubuniwe kwa chipsi. Nimeisoma mpaka mwisho nikitafuta mahali mvulana naye alipoaswa. Sikupaona.

Mimi ni fundi cherehani, Mwanga, nafundisha mabinti kushona. Mmoja wao, wa miaka 16, alikuwa na mpenzi wa bodaboda, mwanamume wa miaka ishirini na kitu. Kila jioni alikuwa akija, ananyoosha mkono, binti anampa simu, anaipekua: nani kapiga, nani katuma meseji. Halafu akamkataza kuongea na wenzake. Siku moja akamzaba kofi barazani kwangu mbele ya wateja, na mama mmoja mtu mzima akacheka, akasema asiyeona wivu hapendi. Nilimfukuza yule kijana, nikaenda kwa wazazi wa binti. Wakaniambia mambo ya watoto niwaachie watoto.

Baadaye alimbaka. Binti alikuja kwangu kabla ya kwenda kwao. Nikamwambia asioge, nguo asifue, tukaenda kituo cha afya, na pale tukaambiwa tulete kwanza PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa. Polisi fomu zimeisha, tukatoe kopi dukani. Tunazunguka na mtoto anayetetemeka, kumbe mjomba wake kashapigiwa simu, na jioni wazee wa pande zote mbili wamekaa sebuleni kuyamaliza kifamilia. Mzee mmoja alimuuliza mtoto alikuwa amevaa nini. Mwingine akapendekeza aolewe tu na huyo huyo yaishe, wakati Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ilishakubaliana na Mahakama Kuu kwamba kifungu cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinachoruhusu binti aolewe na miaka 15 kinakiuka Katiba. Wakapatana fedha. Binti kapelekwa kwa shangazi yake Kasulu; kijana yupo kijiweni, anapakia abiria. Mhariri, kubaka ni jinai, mshitaki ni Jamhuri. Mjomba hana mamlaka ya kusamehe! Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, mtu mzima anayebaka anastahili kifungo kisichopungua miaka 30, na binti wa miaka 16 ambaye si mke wa huyo mtuhumiwa, hata angekubali, kukubali kwake hakuhesabiki. Na dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI lazima ianzwe ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo. Saa hizo hazingoji wazee wapatane wala fomu ipatikane. Hilo ndilo mabinti walipaswa kuambiwa kwenye ule ukumbi, na katika habari yenu nzima halimo.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 uliuliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Wavulana ni kama 1 kati ya 7. Sketi fupi haielezi hesabu hiyo.

Na hizi twisheni za jioni nazo. Watoto wanafundishwa mpaka giza linaingia, mtaani kwetu taa za barabarani haziwaki, kisha tunawaonya wasipande bodaboda. Warudi nyumbani na nini?

Naomba semina ijayo ifanyike mwaloni Kibirizi, wanakoshukia wavuvi, wiki ya mbalamwezi, dagaa hawavuliki na wanaume wako nchi kavu. Waitwe na vijana wa vijiwe vyote vya bodaboda. Aje askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, amevaa sare, awasomee kifungu cha sheria kwa sauti, na wajomba wakae mbele. Halmashauri ichapishe namba 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, mgongoni mwa kila reflekta ya bodaboda. Nanyi mtumeni mwandishi yule yule, aandike wanaume wameaswa nini.

Fundi cherehani,
Mwanga, Kigoma