Maktaba ya chuo imfikie na muuguzi aliye zamu

Ndugu mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi gazetini kwako nizungumzie wauguzi na wakunga wanaosoma mastazi, maana hili jambo tunalipigia kelele sana kwenye magrupu ya WhatsApp lakini wanaoweza kulirekebisha hawamo humo.

Kwenye ada tunayolipa kuna hela ya maktaba, na hela hiyo si ya viti na feni peke yake. Vyuo vyetu vina umoja wao wa maktaba unaitwa COTUL, wenzetu Kenya wana KLISC, vyuo vinajiunga pamoja ili vipate majarida ya mtandaoni ambayo chuo kimoja kikienda chenyewe hakiwezi bei. Juu ya hapo kuna Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu mwaka 2002, ambao taasisi za nchi kama Tanzania zinafunguliwa maelfu ya majarida ya afya bila kulipa. Ni majarida hayohayo ambayo ukiingia mwenyewe na simu yako unaambiwa makala moja dola 30 na kitu. Yaani chakula kimeshapikwa na kimeshalipiwa, halafu mwanafunzi analala njaa kwa sababu hajaonyeshwa jiko liko wapi.

Waulize wanafunzi wa mastazi ya uuguzi walio mwaka wa pili, wangapi wameshawahi kuingia Hinari wenyewe. Wengi watakwambia wanaisikia. Kinachotumika ni Google, PDF za kutumiana, na tasinifu ya mtu aliyemaliza miaka mitano iliyopita ambayo inabadilishwa mkoa tu. Na siwalaumu kabisa, mtu ametoka leba saa mbili asubuhi hajalala, ana mtoto nyumbani, na msimamizi anataka sura ya pili Ijumaa, atashika kilicho karibu.

Ila madhara yake ni makubwa na naomba nitoe mfano mmoja niliouona kwa macho. Mwenzangu mmoja, mkunga mzuri sana wa miaka mingi, alikuwa anaandika proposo kuhusu wakunga wanavyojaza patografu. Kila mkunga anaijua hiyo karatasi, unachora mlango wa kizazi unavyofunguka, kuna mstari wa tahadhari na mstari wa hatua, ukiona mama amevuka unaita daktari au unaandaa rufaa. Historia yake ni ya huku kwetu Afrika, ile mistari ilitoka kwa Philpott na Castle waliofanya kazi Rhodesia, Zimbabwe ya leo, wakachapisha mwaka 1972, halafu mwaka 1994 WHO wakatoa matokeo ya utafiti wao wa kina mama zaidi ya 35,000 kule Asia ya Kusini Mashariki ndipo patografu ikasambaa dunia nzima. Mwenzangu hayo yote alikuwa nayo na aliyaandika vizuri. Kipimo chake cha kusema mkunga amejaza sawa kilikuwa kuanza kuchora sentimita 4 na mama kufunguka sentimita moja kila saa, kama tulivyofundishwa wote darasani.

Jopo likamuuliza swali moja tu, na mwaka 2018 je?

Maana mwaka 2018 WHO walishabadilisha. Walisema hatua ya uchungu mkali ihesabiwe kuanzia sentimita 5, na ile sheria ya sentimita moja kwa saa isitumike kumhukumu kila mama kwamba uchungu wake umekwama, maana wapo wengi wanaokwenda taratibu na wanajifungua salama bila kuguswa. Desemba 2020 wakatoa karatasi mpya kabisa ya kufuatilia uchungu, ile mistari miwili haipo tena, badala yake kila kipimo kina kiwango chake cha kukushtua, na kuna sehemu ya kuandika kama mama ana mtu wa kumsindikiza, kama amekunywa maji, kama amepewa dawa ya maumivu. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba sehemu ya ushahidi uliochangia mabadiliko hayo ilitoka kwa kina mama wa Uganda na Nijeria, utafiti wa wanawake 5,606 kwenye hospitali 13, uliochapishwa PLOS Medicine Januari 2018, na jarida hilo halilipishwi hata senti. Uganda hapo jirani! Mtu wetu alikosa makala ya bure inayohusu kazi yake ya kila siku kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa naye amfundishe kutafuta.

Akarudishwa kuandika upya. Safari hii akaenda kwa mkutubi, na mkutubi (Mungu ambariki) akamfanyia kitu kidogo tu. Alimwambia aache kuandika sentensi nzima kama anamuuliza mtu swali. Akamwandikia kwenye kisanduku cha PubMed, databesi ya bure ya kutafutia makala za tiba mtandaoni, neno partogra na alama ya nyota mwishoni, ile nyota inakamata partograph, partogram, partographs, zote kwa mpigo. Akaweka OR, yaani "au", na jina la ile karatasi mpya ya WHO, yote ndani ya mabano, halafu AND, yaani "pamoja na", na ndani ya mabano mengine wakunga na wauguzi kwa majina yote wanayoitwa kwenye makala. Akamkumbusha kwamba neno la uchungu Waingereza wanaliandika labour na Wamarekani labor, na ziko databesi ambazo ukiandika moja haikuletei la pili. Mwisho akabana miaka, kuanzia 2018 kuja huku. PubMed ina orodha ya makala zaidi ya milioni 35, sasa ukiingia humo bila kubana ni kupotea tu, lakini kwa mstari ule mmoja alipata orodha ya kusomeka, zilizofunguka bure akazishusha palepale, zilizofungwa mkutubi akazitoa Hinari. Wakamaliza kabla ya chakula cha mchana.

Basi mimi nauliza, kwa nini huyu mkutubi anakutana na mwanafunzi baada ya proposo kukataliwa? Kwa nini asiwe darasani muhula wa kwanza, tena si ile semina ya siku ya kukaribishwa ambapo watu mia mbili wanaonyeshwa slaidi kwenye ukumbi halafu wanagawiwa soda? Namaanisha akae na wauguzi kumi na tano, kila mmoja na mada yake na laptopu yake, watafute pamoja mpaka kila mtu atoke na orodha yake. Tena watu wa maktaba na wauguzi wana udugu wa siku nyingi. CINAHL, databesi kubwa ya makala za uuguzi ambayo vyuo vingi duniani vinailipia, ilianza kama kazi ya kadi za mkono za wakutubi wa hospitali kule Los Angeles, walioona makala za wauguzi zinapotea hakuna anayeziorodhesha, na mwaka 1961 ikatoka kama kitabu. Kwa hiyo nikisema mkutubi awe sehemu ya usimamizi wa tasinifu ya muuguzi sidhani kama naomba maajabu.

Jambo jingine ni geti. Chuo nilichosoma mimi, na sikitaji jina kwa sababu najua si hicho peke yake, databesi za kulipia zinafunguka ukiwa kwenye mtandao wa chuo tu. Ukitoka nje ya uzio hupati kitu, unarudishwa kwenye ukurasa wa kulipia dola. Maktaba inafungwa jioni na Jumapili haifunguliwi. Sasa muuguzi anayefanya kazi hospitali ya wilaya huku anasoma, akiwa zamu ya usiku wodini kumetulia saa tisa, ana bando lake na simu janja yake, huo ndio muda pekee alionao wa kusoma, na huo ndio muda ambao chuo kimemfungia. Dawa yake ipo na si ngeni, kuna mifumo ya kuingia kwa akaunti ya mwanafunzi popote ulipo na vyuo vingine vimeshaiweka. Hata hospitali za kufundishia na vyuo vya uuguzi vyenyewe vinaruhusiwa kujisajili Hinari, kwa hiyo mganga mfawidhi au matroni akitaka anaweza kulianzisha hili bila kungoja chuo.

Na tusichelewe, kwa sababu kuna balaa jipya. Wanafunzi sasa wanaiuliza programu ya akili bandia iwape marejeo, nayo inawapa, majina ya waandishi yamekaa sawa, mwaka upo, jarida lipo kweli, lakini makala yenyewe haijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Nimeshika rasimu ya namna hiyo mkononi, nikachukua namba ya DOI, ile namba ya utambulisho ya kila makala mtandaoni, nikaiweka kwenye kivinjari, ikanipeleka kwenye makala ya mambo mengine kabisa yasiyohusu hata uuguzi. Mwanafunzi mwenyewe alishtuka karibu kulia, alikuwa anaamini kabisa. Aliyezoea kutafuta kwenye databesi hapati tabu hii, maana anachokitaja amekifungua na kukisoma.

Hizi tasinifu za wauguzi haziishii kabatini. Nyingine zinakuwa mada kwenye mafunzo kazini, nyingine matroni anazichukua anabadilisha utaratibu wa wodi, na mwisho wa mstari kuna mama amelala kitandani anasubiri mtu aamue uchungu wake umekwama au bado. Kama aliyeandika alisoma kanuni zilizoachwa 2018, huyo mama ndiye anayepasuliwa bila sababu.

Kwa hiyo kwa wakuu wa vyuo vya afya naomba haya kabla ya udahili wa Oktoba: kila mwanafunzi wa mastazi apewe akaunti ya kuingia maktaba akiwa nje ya chuo, na ratiba ya muhula wa kwanza iwe na vipindi vya mkutubi vyenye alama, si hiari. Wakutubi wenyewe wapo tayari, niliozungumza nao wanalalamika hawaitwi.

Muuguzi mkunga,
Dodoma